Nilitafsiri picha ya cowboy miaka saba bila kujua Kiingereza, mpaka siku ndugu wawili wa Mahurunga walipokuja kuangalia mwisho wake

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye bando na mnaosoma kwa wifi ya jirani.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na waliokuwepo bado wapo hapa Rahaleo, Mtwara, wananicheka nikienda kununua mkate. Majina nimebadilisha maana wazee wenyewe wana wajukuu humu ndani. Mengine yote ni kweli tupu. Na kwa mtu wa kazi yangu, hiyo sentensi sio nyepesi kuiandika.

Kazi yangu ni kutafsiri picha kibanda umiza.

Kwa ambao hamjawahi kuingia: banda la mabati, mabenchi, TV moja kubwa, deki, na spika. Nyuma ya spika nakaa mie na maiki. Mzungu anaongea kule, mie nawaambia watu huku kasema nini.

Shule niliishia form two. Sikufeli, jamani, tuelewane. Mimi na mtihani tulikubaliana tu tusisumbuane. Kiingereza changu kinatosha kununua soda.

Sasa mtauliza, unatafsirije?

Unaangalia uso, wakuu. Mtu akikunja uso, kasema "leo nakuua." Akicheka na mkono kaushika mlango, kasema "karibu ndani, chai ipo." Mama akilia, kasema "mwanangu usiende." Miaka saba hakuna aliyerudi kulalamika.

Tatizo ni mtu akiongea dakika tatu uso wake haujabadilika. Hapo nasema, "Sawa." Halafu mwenzake anajibu "yes" moja, mie naitafsiri mpaka wanabadilisha mahali.

Basi.

Banda letu ni la mama mmoja, tumwite Mama Salma. Mama Salma ana picha nyingi lakini kuna moja ndo ilikuwa mfalme. Picha ya zamani ya cowboy. Jina lake limeandikwa juu ya kasha kwa Kiingereza, nikasoma neno la kwanza, "The." Yaliyofuata yakanishinda. Kwa hiyo tukaiita Kofia Mbili, maana kuna ndugu wawili, mmoja kofia nyeupe, mwingine nyeusi.

Mie nikawapa majina kabisa. Wa kofia nyeupe, mkubwa, Jeki wa Newala. Wa nyeusi, mdogo, Toni wa Masasi. Wanagombea kisima na ng'ombe wa marehemu baba yao. Hicho kisima na ng'ombe vinaonekana kwa macho, sikutunga. Nilichotunga ni maneno yote.

Na mwisho.

Hapa nisikilizeni vizuri, ndo pabaya penyewe.

Ile CD ilikuwa na mkwaruzo. Kila siku, ikifika pale Jeki na Toni wamesimama barabarani, vumbi linapita, kila mmoja mkono uko karibu na bastola, picha inaganda. Kwii! Haiendi mbele, hairudi nyuma. Siku ya kwanza imeganda hivyo banda limejaa, watu wanapiga mabenchi. Mama Salma ananiangalia kwa jicho la kurudisha viingilio.

Nikashika maiki. Nikasema, "Watazamaji, mtengenezaji wa picha hii ameigandisha hapa makusudi. Huu ndo ufundi wa picha za zamani. Sasa sikilizeni ndugu wanavyoongea."

Nikaongea. Jeki anamwambia Toni, "Mdogo wangu, kisima kina maji ya kututosha wote. Baba akifufuka leo atuulize tulikuwa tunafanya nini hapa juani, tutamjibu nini?" Toni anavua kofia. Wanagawana ng'ombe nusu kwa nusu. Wanarudi nyumbani kwa mama yao, ambaye kwenye picha hayupo kabisa, mie nikamweka.

Banda zima likapiga makofi. Kuna mtu mzima nilimuona anafuta macho kwa kofia.

Toka siku ile ikawa hivyo. Miaka saba. Nimeusema ule mwisho mpaka mwenyewe nikauamini.

Sasa kijiwe chetu kiko nje ya banda, kwa Chande fundi baiskeli. Pale ndo bunge la picha. Kofia Mbili ilijadiliwa pale kuliko bei ya korosho.

Chande yeye ni mpinzani wa kuzaliwa. "Hiyo picha ina kasoro," anasema huku anaziba pancha. "Bastola matundu sita, mtu anapiga risasi kumi na nne. Nimehesabu. Zile nyingine nane kazitoa wapi, mfuko wa shati?"

"Ni picha bwana," mtu anajibu.

"Na farasi? Kuanzia mwanzo mpaka mwisho farasi hajala. Hata jani! Mie baiskeli yangu nisipoitia mafuta siku mbili inalia, yeye farasi anapanda mlima."

Mama Salma naye ana lake. "Mwanamke yuko mmoja picha nzima, na kazi yake ni kuchungulia dirishani. Hapiki, hauzi, haendi kisimani. Hicho kisima wanachogombea wanaume, nani anachota?"

Mimi nilimuona Mama Salma kama mchambuzi mkubwa siku ile.

Lakini aliyewafunga wote ni mzee mmoja, tumwite Mzee Bakari. Mkulima wa Mahurunga, kule karibu na Ruvuma. Mke wake alifariki, akawa anakuja mjini kukaa kwa binti yake hapa Rahaleo wiki mbili tatu. Mzee wa pole, kiswahili chake kizito cha kwetu kusini, ntu badala ya mtu, nkorosho badala ya mkorosho.

Yeye alisema, "Kasoro yake kubwa ni nsiba. Pale baa wamekufa watu saba. Hakuna aliyeoshwa. Hakuna turubai, hakuna ubani, hakuna hata wali. Mwenye baa anafagia tu, wengine wanaendelea na karata. Wale watu hawana majirani?"

Kweli bwana, tulikuwa hatujawahi kuliona.

"Lakini," akasema, "nwisho wake unafuta yote. Ni picha peke yake ya mabastola niliyoona steringi ana haki ya kuua, na haui."

Akanigeukia. "Wewe kijana, yule Jeki anaposema maneno ya baba yao, anayasema kweli hivyo hivyo?"

Nikamjibu, "Neno kwa neno, mzee."

Mungu anisamehe.

Baadae ndo nikajua kwa nini anauliza. Mzee Bakari ana kaka yake kule kule Mahurunga, Mzee Selemani. Baba yao alifariki akawaachia shamba la korosho, wakagawana vizuri kabisa isipokuwa mikorosho mitatu iliyoko mpakani. Mitatu tu! Mmoja anasema yangu, mwingine anasema yangu. Miaka sita hawasemeshani. Idi hawapeani mkono. Mke wa Bakari alipofariki, Selemani alikuja mazishini, akasimama mbali chini ya mti kama mpita njia, akaondoka bila kumsogelea mdogo wake.

Hilo la mazishi mzee alinisimulia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Nikaona kabisa kwamba mikorosho sio inayomuuma.

"Nataka kaka yangu aje aione hii picha," akaniambia. "Mimi nkishika njia kwenda kwake maneno yananikwama. Lakini akimsikia Jeki..."

Akanipa simu yake nimuandikie meseji. Mie nikajiona katibu. Nikaandika, na nikaipamba mwenyewe:

"Kaka Selemani. Mimi mdogo wako Bakari. Jumamosi saa nane njoo Rahaleo tuangalie picha ya cowboy inayoitwa Kofia Mbili, ya ndugu wawili na kisima. Ikiisha, mimi na wewe tumalize ugomvi wetu kama wale ndugu walivyomaliza wa kwao."

Nikamsomea. Akasema, "Nzuri sana, ntumie." Nikatuma. Jibu likarudi kesho yake, neno moja: "Nitakuja."

Mzee alifurahi, alinunua karanga za kijiwe kizima.

Sasa shetani hana likizo.

Wiki ile ile kijiweni akaja kijana mpya, fundi wa mitambo anayefanya kazi upande wa Madimba kwenye gesi. Tukamwita Injinia. Kijana mzuri tu, ila ana ule ugonjwa wa kujua vitu. Akasikia tunajadili Kofia Mbili, akauliza inahusu nini, tukamsimulia. Tulipofika kwenye mwisho akasema:

"Hapana. Hiyo picha naijua, baba yangu anaipenda. Haiishi hivyo."

Chande akadondosha spana.

"Inaishaje?" wakauliza watu.

Akaniangalia mimi. "Mwambieni huyu mtafsiri awaambie."

Lakini nina mdomo kuliko akili, nikasema, "Hiyo ya baba yako ni feki. Hii yetu ndo original."

"Nina original kwenye flashi, nzima, haina mkwaruzo. Jumamosi tuiweke, kila mtu aone."

"Iwekwe!" nikasema.

"Na ukiwa umedanganya?"

"Naweka maiki chini, sitafsiri tena Rahaleo mpaka nazikwa."

Watu wakashangilia. Ndo nikakumbuka Jumamosi kuna nani na nani.

Niwaambie ukweli, ile maiki ndo cheti changu. Mie sehemu nyingine yoyote nikiongea watu wanaangalia simu. Pale bandani nikisema "mama yake analia," banda zima linanyamaza. Kuipoteza hiyo ni kurudi kuwa mtu wa "ebu sogea kidogo."

Lakini hilo lilikuwa dogo. Je, kama kweli haiishi kwa kupatana? Mzee wa watu kamuita kaka yake baada ya miaka sita, wakae benchi moja, halafu Jeki afanye nini?

Nikamfuata Injinia pembeni. "Kaka, niambie tu, inaishaje?"

"Utaona Jumamosi."

"Kuna wazee wawili, kaka, wana ugomvi..."

"Mimi sijamdanganya mzee yeyote," akasema. Na alikuwa na haki, ndo maana nilimchukia.

Nikaenda kwa Mzee Bakari nimwambie tuahirishe. Nikamkuta binti yake anampigia pasi kanzu. Kwa ajili ya kuja kuangalia cowboy! Nikaomba maji ya kunywa, nikanywa, nikaondoka.

Mpango wangu ukawa mmoja. Nitakaa karibu na soketi. Ikifika pale walipokuwa wanaganda, nachomoa waya na kidole cha mguu, natangaza umeme umekatika. Hapa kwetu gesi ya umeme inatoka chini ya miguu yetu na taa zinazimika vilevile, nani atashangaa?

Jumamosi ikafika.

Saa nane kasoro banda limejaa mpaka watu wamekaa kwenye matofali. Mzee Bakari benchi la pili, kanzu imenyooka, kamuwekea kaka yake nafasi kwa kuitandika leso.

Mzee Selemani akaingia. Mrefu, mkavu, kanzu nyeupe mpya, ananukia udi kama anakwenda kuoa. Nyuma yake vijana wanne, vifua hivi, hawasalimii mtu. Bakari akanyanyuka, "Kaka, karibu, hapa..." Selemani akatikisa kichwa tu. Akaenda kukaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, uso mlangoni. Vijana wakamzunguka.

Chande akaninong'oneza, "Yule mzee kakaa kama steringi."

Tukacheka. Wajinga sisi.

Injinia akaunganisha laptop yake. Tulikubaliana nitafsiri kama kawaida, nikikosea anisahihishe. Ndani ya dakika kumi alikuwa amenisimamisha mara zisizo na idadi.

"Sio kaka yake kamkaribisha chai. Kamwambia atoke kwenye ardhi yake."

"Hapo hajasema mama anaumwa. Kauliza njia."

"Huyo sio mjomba. Ni daktari wa meno."

Mwisho Mama Salma akapiga kelele, "Injinia, tuache tuangalie picha!" Na banda zima, "Kweeeli!" Ukweli ulikuwa unawaharibia utamu.

Tukaenda hivyo mpaka barabarani. Jeki huyu hapa. Toni huyu hapa. Vumbi. Mikono karibu na bastola.

Hii ya Injinia haikuganda. Upepo ukawa unavuma, mlango unalia kwii kwii, macho ya Jeki, macho ya Toni, macho ya Jeki. Nikapeleka kidole cha mguu.

Pwa! TV nyeusi.

"Poleni watazamaji," nikasema, "umeme umekatika."

Sauti yangu imetoka kwenye spika, safi kabisa, inarindima.

Watu wakaangalia spika. Halafu wakaangalia juu. Feni inazunguka, wakuu. Feni ile inazunguka kwa raha zake zote, mpaka inapeperusha ushungi wa Mama Salma.

Mama Salma alinyanyuka. Akaja, akaniinua mguu kama anamkagua mbuzi, akarudisha waya.

Picha ikarudi. Na Jeki wa Newala, steringi, mtu wangu, niliyemlea miaka saba, akatoa bastola akampiga mdogo wake risasi ya kifua.

Toni akaanguka. Kofia nyeusi ikabiringika vumbini. Jeki akapanda farasi, akaondoka. Maandishi yakaanza kupanda. Basi.

Hata yule mwenye kikohozi cha siku zote alikimeza.

Nyuma kule benchi likalia. Mzee Selemani kasimama, vijana wake wanne nao wamesimama. Mmoja mkono umo ndani ya koti.

"Haya Bakari," akasema Selemani. "Picha nimeiona. Imeisha. Sasa unasemaje?"

Mzee Bakari kageuka na uso wa mtu aliyeibiwa. "Kaka, sio hii. Picha yangu sio hii!"

"Ndugu wawili, kisima, kofia mbili. Ndio hii hii. Nimeiona zamani mimi, nikiwa kuli bandarini, kwenye sinema ya mjini. Wewe hukuwepo, ulikuwa shamba na baba. Naujua nwisho wake miaka yote."

Hapo ndo akili yangu ya form two ikafika ilipotakiwa kufika siku ya meseji.

Tumalize ugomvi wetu kama wale ndugu walivyomaliza wa kwao.

Wakuu. Nilikuwa nimemtumia mzee wa watu taarifa ya kuuawa. Imeandikwa vizuri, na saa nimeweka.

Nilisimama na maiki. Nikasema, "Wazee wangu, mimi ndo mwenye makosa. Mzee Bakari hajawahi kuuona huu mwisho. Hakuna aliyewahi kuuona hapa. CD yetu imekwaruzika. Nilitunga mimi kwamba wanapatana. Kiingereza sijui. Meseji pia niliandika mimi. Mzee alikuwa anakuita mpatane."

Nikaweka maiki chini sakafuni mbele ya Injinia. Hakuiokota.

Selemani kaniangalia. Halafu akamuangalia mdogo wake.

"Ulikuwa huniiti tuuane?"

"Kaka! Nikuue kwa karanga?" Maana mkononi alikuwa na pakiti ya karanga, alimnunulia yeye.

Kuna mtu akacheka kidogo, akajizuia. Selemani akakaa chini taratibu, kama gunia limeachiwa kamba.

"Mimi nimeaga nyumbani," akasema. "Nimeoga, nimevaa nguo mpya, nimewaambia watoto kama sirudi mbuzi ni wa nani."

Kijana wa mkono kotini akautoa. Alikuwa kashika chupa ya dawa ya presha ya baba yake.

"Sasa kaka, ulijua nakuita kukuua, mbona ulikuja?" Bakari akauliza.

Selemani akahangaika na kofia yake. "Miaka sita hujaniita kwa jambo lolote. Nikasema hata kama ni la kuuana, ngoja niende nikamuone."

Wakuu, mie sio mtu wa kulia. Vumbi la ile picha liliniingia machoni.

Ndo Chande akapiga kelele kutoka kwenye matofali, "Mama Salma, weka yetu!"

Na banda lote, "Weka yetu! Weka yetu!"

Injinia akajaribu, "Lakini jamani, original ni hii..." Mtu akamwambia, "Original gani, ndugu anauawa hata turubai hawajafunga! Hao wazungu wameikosea picha yetu." Ikapita kwa kauli moja.

Mama Salma akatoa CD, akaifuta na kanga, akaiweka kwenye deki, akasogeza mpaka barabarani. Kwii! Ikaganda, safi. Jeki na Toni wamesimama, hakuna aliyekufa.

Injinia mwenyewe ndo aliokota maiki, akanipa. Akasema, "Endelea basi, mwongo wewe."

Bakari akahamia benchi la nyuma na leso yake. Nikaanza. "Mdogo wangu... tunafanya nini hapa juani..."

"Umeruka!" Mzee Bakari kanikatiza. "Kwanza anasema kisima kina maji ya kututosha wote."

Anaijua yote kwa kichwa. Nikarudia, neno kwa neno, safari hii kweli. Nikafika kwenye ng'ombe nusu kwa nusu.

Mzee Selemani akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Ntafsiri. Na ile mikorosho mitatu, wanasemaje?"

Bakari akasema, "Kaka, kwenye picha hakuna mikorosho."

"Nimemuuliza ntafsiri."

Mabenchi yote yamenigeukia. Nikaangalia TV. Nyuso mbili zimeganda, vumbi, kofia. Nimetafsiri nyuso miaka saba kwa ubabaishaji. Siku ile nikaangalia zile za benchi la nyuma badala yake.

Nikasema, "Jeki anasema, mti wa kwanza avune mdogo wangu, maana ndiye aliyebaki shamba kupalilia na baba. Toni anasema, wa pili avune kaka. Wa tatu wanasema hauna mwenyewe. Korosho zake kila mwaka zifanye hitima ya baba."

Mzee Selemani akamgeukia mdogo wake. "Huyu Jeki nnamuelewa zaidi kuliko yule wa sinema."

"Wa sinema hana adabu," Bakari akasema. Wakapeana mkono, halafu mkono hautoshi, wakashikana mabega, kanzu mbili mpya zikakunjamana pale. Karanga zikamwagika zote.

Msimu wa korosho uliofuata nikaalikwa Mahurunga kwenye hitima. Nimekula wali mpaka nikafungua kifungo. Baada ya dua Mzee Selemani akanivuta pembeni, anauliza kwa siri:

"Wewe ntafsiri, hivi wale cowboy, kuna mahali wanaongelea mpaka wa shamba la muhogo?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, ile CD imekwama pale pale. Mengine itabidi muongee wenyewe."

Akacheka, akaenda kumuita mdogo wake.

Kuhusu maiki: sheria ni sheria, nilimuachia Injinia wiki moja. Alitafsiri kila kitu sawasawa, hata majina ya mitaa. Watu walilala. Mama Salma akanifuata nyumbani mwenyewe. Sasa hivi tunafanya pamoja. Yeye ananiambia wamesema nini, mie nawaambia watu walipaswa kusema nini.

Nilichojifunza: kama hujui mwisho wa jambo, usimuandikie mtu mwingine meseji kwa kuutegemea. Muite ndugu yako kwa mdomo wako. Ukiona mdomo umekwama, nunua karanga uende nazo.

Haya, mlioangalia picha za cowboy za zamani, uwanja wenu. Ni haki Jeki kumpiga risasi mdogo wake, au ule wangu ndo mwisho wenyewe? Na kuna anayejua yule farasi alikuwa anakula saa ngapi? Chande anasubiri majibu, pancha haiendi.